Limau Ndani ya Dawa ya Kazini

Kila Jumamosi, kabla chai haijachemka, Mzee Marumaru alikuwa ameshapiga deki vyumba vyake vyote viwili. Jina hilo alipewa na wenzake kazini. Kwa miaka kumi na minane alisafisha ofisi ya ghorofa nne, yenye sakafu zinazong'aa hadi mtu anajiona pua. Kwake sakafu ilikuwa ya saruji, tena imepasukapasuka. Lakini aliisugua kama marumaru.

Dawa ya kusafishia hakununua. Aliibeba kutoka kazini. Mwenye stoo alikuwa na mtindo wake. Dawa ikija kwenye madumu makubwa, aliimimina kwenye chupa tupu za maji ya kunywa, kisha akawagawia wafagizi. Chupa hazikuwa na maandishi yoyote. Kilichobaki mwisho wa wiki, kila mfagizi alikwenda nacho nyumbani. Wakubwa walijua. Kwao ilikuwa rahisi kuliko kupandisha mshahara.

"Hii ni dawa gani?" mfagizi mgeni aliuliza siku moja.

"Ya kusafishia," alijibu mwenye stoo. "Kwani unataka kuioa mpaka uujue ukoo wake?"

Watu wakacheka. Mzee Marumaru naye akacheka.

Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Alikuwa na pumu. Mzee alibaki na binti yake, mpishi wa shule ya bweni, na mjukuu wa miaka sita. Walimwita Kijino, maana jino lake la kwanza lilikaa miezi mitatu bila mwenzake. Binti aliondoka alfajiri hata Jumamosi. Babu ndiye aliyekaa na mtoto.

Kijino akaanza kukohoa. Ikifika Jumamosi kifua kinabana na macho yanatiririka. Ikifika Jumatatu anapata nafuu.

"Baba, hiyo dawa yako inawasha," binti alisema.

"Ikiwasha ndiyo inafanya kazi. Uchafu hauogopi kitu kinachonukia maua."

"Mama alitumia limau na chumvi. Nyumba haikuwa chafu."

Mzee alijua ni kweli. Mkewe alisugua sinki kwa nusu ya limau iliyochovywa kwenye chumvi. Ni mzee mwenyewe aliyemkataza. Alimwambia, "Mke wa mtu wa usafi anasugua kwa limau? Watu watasema sina kazi." Mama wa watu akatii.

"Nisikilize, baba," binti aliendelea. "Mtoto akibanwa tena na dawa hiyo, nampeleka kwa bibi yake mzaa baba. Ni mbali, najua. Lakini huko atapumua."

Mzee aliona nyumba tupu mbele yake. Akakubali kubadilika.

Jumamosi iliyofuata alinunua malimau na chupa ya siki. Tatizo ni kwamba aliyezoea kikali haamini laini. Aliona limau peke yake ni kama kumfukuza mbwa kwa unyoya. Akawaza: nikikamulia limau ndani ya dawa, ukali utapungua na nguvu itabaki. Akaingia bafuni, akamimina dawa ya kazini kwenye ndoo, akakamua malimau manne, akaongeza siki.

Harufu ilimpiga kama kofi. Koo likaziba. Wakati huohuo Kijino alisukuma mlango.

"Babu, naomba..."

Hakumaliza. Kikohozi kilimkamata hadi akapiga magoti. Mzee alimbeba, akatoka nje mbio, macho yakimwasha.

Jirani yake alikuwa anaanika nguo. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, na alikuwa shoga wa marehemu mkewe. Aliacha nguo zikaanguka.

"Mlete huku penye hewa. Mkalishe wima. Shemeji, unarudi wapi?"

"Ndoo..."

"Iache ndoo. Acha mlango wazi, mtu asiingie. Twende kituo cha afya sasa hivi. Mtoto akivuta hewa ya namna ile lazima aangaliwe, hata akionekana nafuu."

Kituoni Kijino alivutishwa dawa ya kufungua kifua. Wakaambiwa wasubiri. Mzee alikaa kwenye benchi na mikono yake mapajani.

"Ulichanganya nini?" jirani aliuliza.

"Dawa ya kazini na limau. Na siki kidogo."

"Dawa gani?"

"Haina jina. Inanuka kama mashuka ya hoteli."

"Basi huenda ni klorini. Klorini ikikutana na kitu kichachu, kama limau, siki au asidi ya kuoshea choo, inatoa hewa ya sumu. Dawa usiyoijua usiichanganye na chochote, hata dawa nyingine."

"Lakini limau si kitu cha asili?"

"Moto nao ni wa asili, shemeji."

Mzee aliinamisha kichwa. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Na marehemu mwenzangu? Ni dawa?"

"Sitakudanganya. Pumu alikuwa nayo tangu usichana. Siwezi kusema dawa ndiyo iliyomuua. Ila haikumsaidia. Kila Jumamosi alikuja kukaa kwangu. Ukiuliza, alisema anapiga soga. Alikuwa anakuja kupumua."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema unajivunia sana sakafu yako."

Jioni ile mtoto aliruhusiwa kurudi nyumbani. Jumatatu mzee alirudisha chupa zake zote kazini. Akamwomba mwenye stoo amwonyeshe dumu lenyewe. Hakuwa msomaji mzuri, lakini alifuata herufi kwa kidole, moja moja. Klo-ri-ni. U-si-cha-nga-nye. Fu-ngu-a ma-di-ri-sha. Va-a gla-vu. Maandishi yalikuwepo miaka yote kumi na minane, yamefungiwa stoo. Glavu hakuwahi kupewa hata jozi moja. Alipanda ghorofa ya nne kuwaambia wakubwa. Walimjibu kwamba watalifikiria. Watu wanaokalia viti vinavyozunguka hawana haraka. Akashuka, akachukua karatasi na gundi, akaanza kubandika jina la dawa kwenye kila chupa, na wenzake wakamsaidia.

Aliporudi nyumbani, binti alikuwa ameshafunga begi la mtoto.

"Nipe Jumamosi nne," mzee alimwomba. "Akikohoa hata mara moja, mimi mwenyewe nitambeba hadi kwa bibi yake."

Jirani akaja kumfundisha. Sakafu, alisema, haitaki zaidi ya maji ya moto kiasi, sabuni ya kipande iliyokwanguliwa, na mkono. Sinki lenye madoa meupe ya chumvichumvi lisuguliwe kwa limau na chumvi, liachwe kidogo, lisuuzwe. Kwa vioo ni siki kidogo ndani ya maji, na gazeti kuukuu la kukaushia.

"Na klorini niiache kabisa?"

"Hapana. Mtu akiharisha au akitapika, siki haitoshi kuua vijidudu. Hapo osha kwanza kwa sabuni, suuza, kisha tumia klorini yenye maandishi, uliyoizimua kwa maji kama walivyoandika. Peke yake. Madirisha wazi, mtoto nje."

Mkono wa mzee uliuma, maana limau halifanyi kazi ya mtu mvivu. Sakafu haikuwasha pua tena. Siku za kwanza aliiona kama haijaoshwa. Akapitisha kidole, akakitazama. Kilikuwa safi.

Jumamosi ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu. Ya nne binti alirudi kutoka kazini, akamwangalia mtoto, akafungua begi, akaanza kurudisha nguo kabatini.

"Nisamehe, mwanangu," mzee alisema.

"Mimi nimeshakusamehe, baba." Alikunja gauni dogo polepole. "Wa kuombwa zaidi hayupo."

Mzee akachukua gauni jingine, akalikunja.

Siku hizi Kijino hulala mchana juu ya mkeka, palepale penye sakafu iliyooshwa. Babu huketi karibu yake na kumsikiliza. Pumzi inaingia, inatoka, haina mlio. Ni sauti ndogo mno. Miaka mingi ilikuwepo ya kukaa hivi kando ya mtu mwingine na kusikiliza, na yeye aliitumia kusugua.