Kona ya Nyuma ya Mashine ya Vyombo

Jumamosi nyumbani kwa Bibi Hilkka huanza kwa kahawa na mikate ya mdalasini. Siku hiyo kahawa ilinywewa wima kwenye ngazi za nje, maana jikoni hapakuwa na pa kukanyaga. Venla, msichana wa miaka kumi na miwili, na baba yake Jouni walikuwa wanang'oa sakafu ya zamani ili watandike mpya ya lamineti, vibao vyembamba vya kupachika.

Bibi alikuwa amekohoa msimu mzima wa baridi. Daktari alishuku ukungu unaoota kwenye mbao za jikoni.

"Hatutafuti urembo tu hapa," Baba alisema, akimkabidhi Venla patasi. "Kila ubao wa chini uchome kwa ncha yake. Patasi ikizama, huo umeoza, tunautoa. Mzima unabaki."

Venla alichapa kazi mpaka vumbi likamjaa kwenye kope. Ilibaki kona moja tu, nyuma ya mashine ya kuoshea vyombo, na mashine yenyewe ilikuwa nzito ajabu.

Hapo jirani Tauno akachungulia dirishani. "Enyi watu, sauna imeshapamba moto! Mnataka ipoe nikiwa naitazama?"

Katika kijiji kile, kuiacha sauna, chumba cha kuogea mvuke, ipoe ni kama kumtukana aliyeiwasha. Wanawake ndio huanza kuoga.

"Umemaliza kona yako?" Baba aliuliza.

"Nimemaliza," Venla alijibu, akiwa ameshashika taulo. Uongo mkavu!

Ndani ya sauna Bibi alikaa benchi la chini, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akatabasamu. "Mjukuu wangu, nikipata sakafu mpya nitapumua kama msichana."

Venla alijipangusa vumbi lililobaki kwenye kope. Alivumilia kidogo, akashindwa.

"Bibi, nimedanganya. Kona ya nyuma ya mashine sijaigusa."

Bibi hakupiga kelele. Alijifunga taulo. "Basi vaa, twende."

"Na sauna je? Mzee Tauno atanuna."

"Anune. Kifua ni changu."

Baba alikasirika, tena sana, lakini aliisukuma mashine. Venla akachoma ubao. Patasi ilizama mpaka mpini. Ubao ulitoka mweusi, unanuka kama matambara mabichi, na juu yake bomba lilikuwa likidondosha maji kimyakimya.

"Kumbe ni wewe!" Baba aliliambia bomba.

Walilitengeneza, wakasubiri chini kukauke kabisa, wakaweka mbao mpya. Mzee Tauno alinuna siku mbili, halafu akaja mwenyewe kusaidia kutandika lamineti. Kufikia majira ya joto Bibi alikuwa hakohoi tena.

Siku moja alimkalisha Venla jikoni.

"Ungenyamaza, leo ningekuwa nakohoa juu ya sakafu nzuri," alisema. "Kazi ya chini haionwi na mtu, kwa hiyo inamtaka mkweli. Na ukikosea tena, maana utakosea tu, mwanangu, sema kabla hatujafunika."