Mfupa Usiokuwa wa Perez

Perez alipozinduka kutoka kwa dawa ya usingizi, kitu cha kwanza alichofanya ni kujipapasa kiuno. Hakuhangaika na mguu. Mguu alijua upo, maana ulikuwa ukimpiga ndani ya plasta kama nyundo ya fundi bati. Alikuwa anatafuta kidonda cha kiunoni, kile alichoahidiwa, na hakukipata. Ngozi ilikuwa nzima, kavu, haina hata alama ya wembe.

Mtu mwingine angeshukuru kwa kupungukiwa kidonda kimoja. Perez hakuwa mtu wa kushukuru ovyo. Daktari mwenyewe, picha ya mifupa mkononi, alikuwa amemweleza kwamba kifundo chake cha kulia kimelika, mifupa inasagana, na dawa ni kuiunganisha iwe mfupa mmoja. Angetia skrubu tatu, kisha angechukua kipande cha mfupa kiunoni mwake na kukishindilia katikati, kiote kama saruji. Kifundo hakingekunjika tena maisha yake yote, lakini maumivu yangeisha, naye angesimama.

Kusimama ndiko alikotaka. Perez alikuwa mjane, na riziki yake ilikuwa kukaanga mgongo wazi pale Manyatta, Kisumu, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Mtu hakaangi samaki ameketi, labda awe na hamu ya kukaanga mapaja yake. Tangu aanguke mtaroni miaka minne nyuma, na mganga mmoja wa mifupa wa Nyamasaria kumfunga mguu ukiwa umepinda, alikuwa akisimama kwa machozi.

Alimwuliza nesi mfupa ulitolewa wapi basi. Nesi akasema amwulize daktari. Daktari akapita na wanafunzi wake sita, akaulizwa, akagonga plasta kwa kalamu, akasema kazi imeenda vizuri sana, akaenda zake. Perez akabaki anatazama dari. Mtu akikwepa swali dogo hivyo, alijua, kuna kubwa amelikalia.

Alirudi Manyatta kwa magongo mawili, ameonywa asikanyage chini kwa wiki sita. Mwanawe Joram, aliyekuwa kazini Nakuru, akamtuma mkewe aje kumwangalia. Mke huyo aliitwa Nasambu, Mbukusu kutoka Kimilili, msichana wa maneno machache, na Perez hakuwahi kuwaamini watu wa maneno machache. Kwa desturi za Wajaluo mkamwana halali nyumbani kwa mama mkwe, kwa hivyo Nasambu alilala kwa jirani, akawa anafika alfajiri na kuondoka jua likizama. Alimwogesha mguu ukiwa umewekwa juu ya kigoda na kufungwa mfuko wa plastiki. Alimpa spoki ya baiskeli ya kujikuna ndani ya plasta. Alimtafutia seremala wa kutoboa kiti kwa ajili ya choo. Na jioni, kwa sababu watu lazima wale, alishika karai akakaanga samaki pale pale pa Perez, na wateja wakasema mkono wake si mbaya.

Hilo la wateja Perez alilisikia. Akaliweka moyoni.

Wiki ya tatu ndipo vidole vilipoanza. Kila saa nane mchana Perez alimeza vidonge vya maumivu, akalala kama gogo, na kila alipoamka vidole vitano vilivyochungulia nje ya plasta vilikuwa vimelowa. Si jasho. Yalikuwa maji baridi, na katikati ya vidole mchanga mweusi wa ziwani. Nyumba nzima ilinuka nyavu mbichi na petroli ya injini ya mashua. Kutoka Manyatta hadi ziwani si karibu, na Perez alikuwa na wiki tatu hajavuka mlango.

Alimwita Nasambu, akamwuliza kama kuna mtu aliingia. Nasambu akasema hapana, huku akitazama sakafu. Perez akakubali kwa kichwa, moyoni akasema: nimekupata. Huyu ananilowesha plasta ili mfupa uoze, nibaki kilema, naye abaki na karai.

Kesho yake, Nasambu alipoenda mferejini kuchota maji, Perez alijiburuta kwa magongo akanyunyiza jivu la jiko kutoka kitandani mpaka mlangoni, jembamba kama unga. Akameza vidonge vyake, akalala akitabasamu. Nasambu alivaa raba zenye soli ya mistari. Mistari hiyo ingemtaja.

Alipoamka aliinama kutazama, na tabasamu likamkauka mdomoni. Raba zilikuwa zimekanyaga pale mlangoni tu, lakini nyayo zilizotoka kitandani hazikuwa za raba. Zilikuwa za mguu mtupu, mpana, wa mwanamume, kidole gumba kimetengana na wenzake kama cha mtu aliyekulia kwenye mashua. Tena zote zilikuwa za mguu wa kulia. Mguu wa kushoto haukuwepo, wala alama za magongo. Zilitoka kitandani kwake, zikafika mlangoni, zikarudi kitandani kwake.

Nasambu alikuwa ameketi kwenye kona, amejikumbatia.

"Sema," Perez alimwambia. "Sema kabla sijaita watu."

Nasambu alitazama mlango kwanza, kisha akasogea karibu, akanong'ona. "Mama, mimi sijakufanya kitu. Mimi ndiye nimekuwa nikikushikilia usitoke nje."

"Nitoke nje na nini?"

"Na huo huo mguu wa plasta. Kila saa nane unaamka macho yamefungwa. Ule mzima unaukunja juu kama kuku, unaruka na huu mgonjwa peke yake mpaka mlangoni. Halafu unaongea. Sauti ni ya mwanamume."

Perez alimwuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Nasambu akajibu kwamba angeambiwa ndiye aliyeroga. Ndivyo hasa Perez angesema.

"Huyo mwanamume anasemaje?"

"Kijaluo sikijui, Mama. Lakini amerudia mpaka nimeshika. Anasema, *duoka dala*."

Nirudishe nyumbani. Perez hakumfasiria. Alivuta blanketi akafunika plasta, kama vile kuifunika kungesaidia.

Lakini kuambiwa ni kuambiwa, na Perez alikuwa mtu wa kuona. Siku iliyofuata hakumeza vidonge. Alimwamuru Nasambu amfunge kitandani kwa leso mbili, moja kifuani na moja magotini, akakaa macho na maumivu yake, jua kali nje, redio ya jirani ikiimba, mama mmoja akitangaza ndizi barabarani. Saa nane ikafika. Redio ikawa kama imefunikwa na sufuria, harufu ya nyavu mbichi ikapanda kutoka chini ya blanketi, na ndani ya plasta kitu kikagonga, mara moja, kikangoja, kikagonga tena, kama mtu mstaarabu anayebisha hodi, kisha Perez, akiwa macho kabisa, akiwa na akili zake zote, aliona vidole vyake vikijikunjua kimoja kimoja bila yeye kuviambia, na plasta ikaanza kulia kwa ndani, mlio mwembamba wa ganda la yai, na ufa ukatambaa pale mbele ya kifundo, ukapanuka, kwa sababu kifundo kile, kilichopigwa skrubu tatu, ambacho daktari aliapa hakitakunjika tena mpaka kiyama, kilikuwa kinakunjika, taratibu, kwa raha, kama cha mtu anayejinyoosha baada ya safari ndefu.

Na koo lake mwenyewe likafunguka, sauti nzito ikapita humo kama mgeni anavyopita mlango usio wake, ikaomba kurudishwa nyumbani.

Hospitalini daktari aliiona plasta imepasuka akamgombeza mbele ya watu kwa kukanyaga chini kabla ya wakati. Akaagiza picha. Picha ilipokuja aliishika juu ya taa mara mbili. Mfupa ulikuwa umeshika kwa wiki nne kuliko wa wengine kwa miezi sita. Alisema ni jiwe moja, hata ng'ombe akilikalia halipindi. Perez akamwuliza habari za kiuno. Daktari akasema kiuno waliona wakiache, walipata mfupa mzuri zaidi, na akamwita mgonjwa anayefuata.

Aliyemkata plasta ni mzee mmoja Mluhya aliyeitwa Shitanda, mhudumu wa miaka mingi. Perez alingoja msumeno uwake, sauti iwafunike, ndipo akamwuliza alikuwa nani. Hakusema mfupa wa nani. Alisema, alikuwa nani. Shitanda aliinamisha kichwa karibu na msumeno.

"Mvuvi," akasema. "Dishon, wa Kombewa. Panga la injini ya mashua lilimkata, tukamtoa mguu asubuhi ile ile yako. Daktari akaona ni mfupa mzuri unatupwa."

"Yuko wapi sasa?"

"Alikufa siku ya pili. Watu wake walimchukua wakamzike. Hawakuuliza mguu, na sisi hatukuwapa."

Perez alitaka kujua kama mfupa ule unaweza kutolewa. Shitanda akazima msumeno, akapitisha kiganja chini ya goti la Perez, kama mtu anayepima mahali pa kukata. Hapo, alisema. Ukitaka utoke, utatoka na vyote vilivyo chini ya hapo.

Basi mambo yalikuwa wazi. Ama amrudishe Dishon kwao, ama arudi Manyatta na gongo na nusu mguu, awe wa kupakuliwa chakula na mkamwana mpaka afe.

Lakini Perez hakuwa mjinga. Alikuwa ameolewa kwa wavuvi, na alijua mtu akizama ziwani na mwili ukakosekana, watu wake hutafuta tunda la yago, lile refu, zito kama mkono wa mtu, wakalivika sanda na kulizika kwa matanga kamili. Marehemu hulikubali, hutulia. Kama tunda linatosha mwili mzima, litakosaje kutosha kipande cha kifundo? Hakumwambia mchungaji wake. Wachungaji wana kazi nyingi. Alinunua yago, akalifunga kitambaa cheupe, akampa Nasambu alibebe, na asubuhi wakafika Kombewa.

Alipanga kuuliza njia pale sokoni. Hakupata nafasi. Mguu wa kulia ulikuwa umeshashika kijia cha kuteremka, umepita shamba la mtama, umeruka mfereji kwa upande wa kulia, Perez akiufuata nyuma kama mbuzi anayevutwa na kamba, na Nasambu akikimbia na tunda lake mpaka kwenye boma lenye kaburi ambalo udongo wake bado ulikuwa mwekundu.

Mama wa Dishon aliitwa Dorca. Alikuwa anaanika omena. Perez alimwamkia, akajieleza yote, bila kupunguza wala kupamba, na akafungua kitambaa. Dorca alisikiliza huku akitoa mawe kwenye omena. Perez alipomaliza, Dorca alilitazama tunda, kisha akamtazama Perez kuanzia chini, akaishia chini.

"Umetoka mbali," alisema. "Lakini wewe ni mke wa mvuvi, hukupaswa kukosea hivi. Yago tunazika tukikosa mtu. Maji yakimnyima. Mimi nimekosa nini? Mfupa wa mwanangu umeingia langoni sasa hivi, nimeuona. Umeruka mfereji pale pale alipozoea."

"Mama, huu ni mguu wangu."

"Nyama ni yako," Dorca akakubali.

Alisukuma yago kando, akachota maji kwenye beseni, akapiga magoti na kuuosha ule mguu mmoja tu, akiufinya na kuuita mwanangu, akiulaumu kwa kukawia. Maumivu ya miaka minne yalikuwa yanamtoka Perez kama moshi unavyotoka jikoni mlango ukifunguliwa, na aibu yake ilikuwa kwamba hakutaka yule mwanamke aache.

Hata hivyo alishukuru, akaaga, akamshika Nasambu bega. Walipofika langoni mguu wa kushoto ulivuka. Wa kulia ulibaki. Alivuta. Nasambu akamvuta kiunoni. Wayo ulikuwa umeshika udongo kama nguzo ya simu, na Perez akautukana kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, akautukania mama yake mbele ya mama yake, na wote wawili, mguu na mama, hawakuonyesha kukasirika.

Dorca alileta kiti, akakiweka pale pale langoni.

"Kaa," akasema. "Yeye pia alikuwa mbishi. Sokoni atakupeleka, alipenda soko. Ziwani atakupeleka. Kisumu ndiko hatarudi, walimkatia huko."

"Na mimi nikifa nitazikwa wapi? Mume wangu ana kaburi kwao, ameniwekea nafasi."

"Hayo mtapatana wawili."

Nasambu alikuwa analia kimya kimya upande wa pili wa lango. Perez hakumtazama. Alikuwa anautazama mguu. Kifundo kilikuwa kimejikunja vizuri chini ya kiti, kama cha mtu aliye kwake, na hakikuuma, hata kidogo. Aliwaza msumeno wa Shitanda. Aliwaza karai, mafuta yakichemka, na yeye amesimama mbele yake kutwa nzima bila chozi.

Akamwambia Nasambu aende kabla ya mvua. Kisha akajikohoza, akamwuliza Dorca soko la Kombewa huwa siku gani.

Dorca alikuwa bado hajafungua mdomo. Sauti nzito, ya raha, ikamjibu Perez kutoka kooni mwake mwenyewe, ikamtajia siku zote za soko, na mahali pazuri pa kuweka jiko.