Zamu wa Gari la Kijani

Bolti zote zilikuwa chini. Donat alikuwa amezikusanya juu ya gunia lililolowa mafuta, na bado bampa la mbele lilikuwa juu, limeng'ang'ania pua ya gari kana kwamba hakuna spana iliyowahi kuligusa. Akalivuta. Akaegemeza mguu kwenye gurudumu, akalivuta tena kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Halikutikisika.

"Umesahau bulon moja," akasema mkewe, Régine, aliyekuwa akichekecha unga wa kusonga bukari mlangoni.

"Sikusahau." Donat akaingiza mkono nyuma ya chuma, akapapasa mpaka kwenye kiwiko. "Hakuna kitu yenye inaikamata, Régine. Hata moja."

Mara akautoa ule mkono haraka, akaufuta kwenye suruali. Alikuwa ametegemea chuma, na vidole vyake vilikuwa vimegusa kitu laini, chenye uvuguvugu.

Ilikuwa Oktoba, ule mwaka askari walipotoka kambini wakaanza kupora mji, na raia wakawafuata. Katikati ya Lubumbashi maduka yalibaki bila milango. Wageni walikimbilia Zambia na mfuko mmoja mkononi. Huku Katuba, watu wasiokuwa na umeme waliamka wakiwa na friji uani. Clovis, mdogo wake Régine, yeye alipata gari.

Lilikuwa gari dogo la mbio, la zamani, viti viwili, halina paa, kijani kama jani la muhogo. Mwenye gari alikuwa daktari wa meno, mzungu wa Karavia. Lilitengenezwa kwa ajili ya barabara za Amerika, ndiyo maana kiwanda kililivika mabampa mazito kupita kiasi, boriti ya chuma ndani na mpira mweusi mnene juu, kama midomo iliyovimba. Mji mzima ulilijua kwa midomo hiyo. Clovis alitaka iondolewe, yafungwe mabampa membamba ya kung'aa, gari lipakwe rangi nyeupe, kisha alivushe mpaka wa Kasumbalesa kabla mtu hajauliza.

Akatoka chumba cha nyuma akipiga miayo. Tangu alete gari alikuwa analala hapo kwa dada yake.

"Mpaka sasa ungali na ile pare-choc?" akamwambia Donat. "Shemeki, ni chuma ao ni bibi yako wa pili, juu unaipapasa bile?"

"Kuya uitoshe weye."

Clovis akacheka, akainua mguu alipige teke. Kiatu kilikuwa bado hewani bampa lilipoanguka. Lilianguka pande zote mbili kwa pamoja, na sauti iliyosikika uani haikuwa ya chuma. Ilikuwa pumzi, pumzi nzito ya mtu aliyepigwa kifuani hewa ikamtoka yote.

Kwenye ufa kati ya mpira na boriti kulikuwa na kipande cha kitambaa, kaki, kizito, kama cha koti kuukuu la jeshi, kimegandamana na kitu cheusi kilichokauka. Donat aliinama akichukue, lakini Clovis alimtangulia, akakichomoa na kukitia mfukoni.

"Mbwa," akasema. "Niligonga mbwa kule Karavia."

"Mbwa mwenye kuvaa koti?" akauliza Régine.

"Yaya, chekecha unga yako," Clovis akamjibu dada yake.

Walijaribu kulibeba bampa, wakashindwa. Walilifunga mnyororo, wakaliburuta hatua kwa hatua mpaka langoni, na hapo mnyororo ukakatika. Wakaliacha hapohapo, kando ya nguzo ya lango. Bampa la nyuma, Donat alilitoa peke yake kabla chai haijapoa.

Tangu hapo lango lilianza kunuka. Harufu ya koti lililolowa mvua, wakati mvua ilikuwa bado haijanyesha, na harufu ya tumbaku ya majani. Kisha ikaja sauti, saa za mchana jua likiwa wima juu ya mabati: fimbo ikigonga chuma, taratibu, kama zamu, mlinzi wa lango, anavyogonga ili bwana wake ajue hajasinzia. Wa kwanza kuona kitu alikuwa Précieuse, jirani yao, aliyekuja kuomba moto. Alisimama nje ya lango, haingii wala haondoki.

"Mama Régine, muliweka zamu?"

"Zamu gani?"

"Huyu muzee." Précieuse alikuwa akitazama mahali patupu, juu kidogo ya bampa. "Ananiuliza miye ni nani. Miye, jirani yenu!" Akageuka na kibati chake kitupu, akaenda zake mbiombio.

Kesho yake Régine alibeba ndoo kwenda kuchota maji. Alipofika langoni harufu ya koti ikamzunguka, baridi ikampanda kutoka kwenye nyayo, na karibu kabisa na sikio lake sauti ya mzee, sauti iliyochoka, yenye lafudhi ya watu wa kaskazini kama ya babu yake mwenyewe, ikauliza polepole:

"Ni nani?"

"Régine," ulimi wake ukajibu bila kumwomba ruhusa. "Bibi ya Donat."

Baridi ikasogea pembeni. Lango likafunguka lenyewe.

Donat naye aliulizwa, akajibu, akapita. Wateja wa gereji ya Donat waliishia barabarani. Clovis peke yake ndiye aliyekuwa hatoki. Alijaribu mara moja, akarudi mguu umevimba chini ya goti, akidai amejikwaa kwenye bampa. Akajaribu kuruka ukuta, akaangukia ndani. Chakula alikula ameligeuzia lango mgongo.

Donat akamwita Mama Bijou, mkuu wa kikundi cha maombi cha parokia. Yule mama mnene alikuja na rozari na chupa ya maji ya baraka, akataja jina lake la ubatizo langoni, akaingia. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya mpira mweusi, akaanza kusali kwa sauti kubwa. Sauti ikapungua. Ikawa mnong'ono. Kisha akawa anatikisa kichwa, kama anayesikiliza mgonjwa.

"Hii haiko pepo ya kufukuza," akasema, akiinuka. "Ni muntu. Iko ku kazi yake." Akamgeukia Clovis. "Anasema weye hautatoka na gari ya patron."

Hakungoja hata kuaga. Chupa aliisahau chini.

Wingu lilikuwa limeshafunika Katuba, na matone ya kwanza ya mwaka yakaanza kupiga mabati. Régine akamshika mdogo wake kwenye kola ya shati, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mtoto. Mama yao alikufa Clovis hajaota meno. Régine ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula.

"Ulifanya nini kule?"

"Alisimama mbele!" Clovis akafoka. "Patron yake alishakimbia, bantu bote banakimbia, yeye anasimama mbele ya gari ya muzungu na kafimbo! Banamuita, Mumba, toka! Mumba, utakufa! Anakatala. Nikapiga klakson, anakatala!"

"Na weye ukafanya nini?"

Clovis alimtazama kwa chuki iliyomfanya asifanane na mtu wa ukoo wao.

"Nikakanyaga."

Kisha akachomoa kisu cha bunduki, kimoja kati ya vile vilivyozagaa mjini siku za uporaji, akamkamata Donat shingoni, akamsukuma ndani ya gari. "Weye, yaya, tangulia. Anakusikia, eh? Utamutajia majina. Ya Donat, na ya miye. Utasema ni mudogo yako, tumbo moja. Ukikosea, huyu namukata."

Injini ikanguruma. Gari, ambalo sasa lilikuwa jepesi, pua tupu kama uso uliong'olewa meno, likaanza kumfuata Régine polepole kwenye mvua, na yeye akatembea mbele yake huku kitenge kikimganda miguuni, akisikia nyuma yake pumzi za mume wake na matusi ya mdogo wake, na mbele yake ile fimbo ikigonga chuma, ikigonga, ikigonga kwa haraka sasa kama mtu aliyemwona mwizi, mpaka akafika pale ambapo mvua ilikuwa hainyeshi, mahali penye upana wa mabega ya mtu, ambapo matone yalipasuka hewani na kuteleza chini yakichora kola, mikono, pindo la koti refu.

"Ni nani?"

"Régine, bibi ya Donat."

"Na wa nyuma?"

"Donat. Bwana yangu."

Mlango wa gari upande wa Donat ukafunguka, na Donat akatoka akiburuzwa, miguu ikipiga tope, kama mtu aliyeshikwa kwapa na mkono wenye nguvu. Kisu kilikata hewa. Lango likafunguka wazi.

"Na huyu mwingine?"

Régine aligeuka. Kupitia kioo kilichojaa maji alimwona Clovis akimtolea macho, na midomo yake ikisema neno moja tu, yaya, yaya. Alifikiria yule mzee na fimbo yake mbele ya gari, na watu wakimwita atoke.

"Simujui," akasema.

Clovis akakanyaga. Gari likaruka, likafika katikati ya lango lililokuwa wazi kabisa, na hapo likasimama ghafla kwa kishindo cha nyama na mifupa, bila kugonga chochote, na boneti ikabonyea ndani kwa umbo la kifua na mikono miwili iliyotanuliwa.

Régine na mumewe walikimbia. Walilala parokiani, kwenye mabenchi.

Asubuhi gari lilikuwa palepale, kisu kwenye kiti. Clovis hayupo. Na lile bampa ambalo wanaume wawili walishindwa kuliinua halikuwepo pia. Hapakuwa na alama ya kuburutwa. Palikuwa na nyayo za mtu mmoja tu kwenye tope, nyayo za kuzama sana, zikielekea upande wa Karavia.

Régine alisonga bukari, akaifunga na samaki kwenye kitambaa, akaenda. Nyumba ya daktari wa meno ilikuwa haina dirisha wala bati. Langoni, bampa jeusi lilikuwa limelazwa kukinga njia, na nyuma yake alisimama Clovis, amevaa koti la kaki lililochanika ubavuni, mgongo umepinda kama wa mtu wa miaka sabini. Miguuni pake alichutama mama mmoja aliyenyoa nywele za msiba, akimsogezea sahani.

"Clovis," Régine akaita.

Yale macho yalimpitia kama yanavyompitia mpita njia.

"Unatafuta nani?" akauliza yule mama.

"Mudogo yangu. Huyu."

"Huyu ni bwana yangu." Mama hakupandisha sauti. "Miye ni Mwaba, bibi ya Mumba. Nilimuzika, juma mbili zimepita. Jana usiku akapiga hodi kwangu na huu mwili, akaniambia anarudia ku kazi." Akamtazama Régine kuanzia miguuni, bila huruma. "Sura sikuizoea. Lakini sitakurudishia."

Régine akaweka kitambaa chake cha chakula chini. Clovis akakisukuma kwa ncha ya fimbo, taratibu, kikarudi mpaka kwenye vidole vya miguu ya dada yake. Régine akakiokota. Akaanza kuondoka. Nyuma yake akasikia kile kinywa alichokilisha tangu hakijaota meno kikitafuna, kikimeza, kisha kikasema kwa sauti ya mzee aliyetulia nyumbani kwake:

"Mwaba, leo umesahau chumvi."

Na yule mama akacheka.