Mshumaa wa Bridie, Kura ya Anselme

Siku ya vilabu, Halifax yote ilionekana kumwagika kwenye uwanja wa chuo. Wacheza raga, waimbaji, wafuga nyuki, kila kundi na meza yake. Meza ya akina Morna Gillis peke yake ilikuwa nje ya uzio, mabasi yakiwapulizia moshi. Chuo hakikitambui chama chao cha udada, wasichana wanaochaguana, wakaishi nyumba moja na kuitana dada, na kisichotambuliwa hakipewi nafasi ndani. Morna alivaa sweta la kijani lenye herufi za Kigiriki kifuani, nywele zake nyekundu amezifunga shaghalabaghala, akigawa biskuti za shayiri kama mtu anayegombea ubunge.

Akaja kijana mrefu mwenye beji ya baraza la wanafunzi.

"Samahani, dada. Miguu miwili ya meza yenu iko kwenye ardhi ya chuo."

"Na miwili mingine?"

"Hiyo ni ya manispaa. Hainihusu."

"Basi hiyo inayokuhusu ibebe mwenyewe."

Akaibeba. Akala na biskuti, akauliza kama kesho watakuwepo. Aliitwa Anselme Thibodeau, na kabla majani hayajaanza kupukutika walikuwa wakila donair, mkate uliofungiwa nyama, benchi moja, mchuzi mtamu ukiwachuruzika hadi viwikoni.

"Laazizi, una mchuzi kidevuni," Anselme akasema.

"Uache. Nauweka akiba."

Jambo moja hawakuligusa. Novemba baraza lingepiga kura, vyama vya udada vitambuliwe au la. Morna hakuona haja ya kuuliza. Mtu anayekubusu mlangoni mwa nyumba yenu kila Ijumaa, asipoipigia kura yeye, nani ataipigia?

Siku ya kura ilipofika, Anselme akasimama barazani. "Dada yangu Odile aliomba kujiunga nao mwaka juzi. Walimnywesha chai, wakamchekea wiki nzima, kisha wakamkataa bila kumwambia sababu. Alishinda kitandani akilia. Chuo kisiupigie muhuri mlango wa namna hiyo."

Akina Morna walishindwa kwa kura moja.

"Mama alipofariki, nani alinipeleka nyumbani Cape Breton kwenye theluji?" Morna alimfokea kwenye simu. "Hao hao unaowaita mlango. Walilala sakafuni kando ya kitanda changu."

"Najua, kipenzi, lakini Odile..."

"Usiniite kipenzi."

Akakata, na tangu hapo hakupokea simu yake. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alimkumbuka Odile. Msichana mwenye kicheko kikubwa, na siku ya kuamua hakuna aliyemtetea, Morna akiwemo. Alimwonea Anselme hamu vibaya mno, ila kiburi hakikumruhusu kumpigia.

Jumapili moja jioni wasichana wote wa nyumba wakaitwa sebuleni. Katika nyumba zile, msichana akichumbiwa hasemi. Mshumaa huwashwa, wote husimama duara wakiupitisha mkono kwa mkono huku wakiimba, na mwenye habari huupuliza ukimfikia. Siku hiyo mshumaa ulikuwa wa mwenzao Bridie, na wengine hawakujua. Morna naye alikuwa na mafua. Ulipofika mikononi mwake, akapiga chafya.

Ukazimika. Alirukiwa, akabusiwa, akaulizwa ni nani huyo, kabla hajapata hata kitambaa cha kufutia pua. Bridie alicheka hadi akakaa chini. Walipokuja kuelewana, habari zilikuwa zimeshatoka kwa simu.

Baada ya muda kengele ikalia. Anselme alikuwa mlangoni, amelowa mvua, koti amelivaa ndani nje.

"Nasikia umechumbiwa."

"Nilipiga chafya, Anselme. Mshumaa haukuwa wangu."

Akaketi kwenye ngazi iliyolowa kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Ulikuja kunizuia?" Morna akamuuliza.

"Nilikuja kukupa hongera. Nimeifanyia mazoezi njia nzima, ikanishinda."

Morna akacheka, mara akaacha. "Kura ikirudiwa kesho, utapigaje?"

Uongo mdogo ungemwingiza ndani palepale, penye joto. "Vilevile," akasema. "Mpaka muache kuchagua watu kama nyanya. Na nitakupenda vilevile."

Wiki zote zile Morna alikuwa akingoja kusikia kwamba amejuta. Sasa alisikia hajajuta, na ajabu, moyo ukamtulia. Mwanamume huyu angemwambia kweli hata ikimgharimu.

"Habari za akina Odile nitagombana na wenzangu mimi humu ndani," akasema. "Lakini mwakani nitasimama barazani nikupinge, na nitakushinda."

"Jaribu, mpenzi."

Akamshika mkono, akamwingiza sebuleni. Wote wakawageukia. Bridie akamwangalia mgeni kuanzia viatu vilivyolowa hadi lile koti.

"Huyu ndiye ile kura moja iliyotuangusha?"

"Ndiye," Morna akajibu, mkono hajauachia. "Na ni wangu."

Bridie akasogea kwenye kochi kuwapisha, Morna na Anselme wakakaa kwa kubanana.