Kifaranga Anaomba Kuingia

Jua lilikuwa linazama nilipofungua mkutano wa mtandaoni wa profesa. Kazi yangu pale chuoni ndiyo hiyo: mtu akibisha, jina lake linatokea kwenye kioo, nami nabonyeza "Karibisha" au "Kataa". Bawabu wa kompyuta, basi.

Jioni ile profesa alikuwa akiwaeleza watafiti wenzake wa mbali juu ya maji ya machimbo ya zamani. Utafiti wake, alisema. Uongo mtupu! Ulikuwa wa mdogo wangu. Yeye ndiye aliyeshuka mashimoni kuchota sampuli, profesa akila kiyoyozi ofisini, hadi shimo likamfukia. Machozi yetu hayajakauka, jina lake likafutwa. Na mimi nikabaki kumfungulia mwizi milango, maana mshahara huo ndio dawa za mama.

Kioo kikaandika:

"Kifaranga anaomba kuingia."

Hilo ni jina la mdogo wangu, la nyumbani. Pale chuoni hakuna aliyelijua.

Nikabonyeza "Kataa".

Ngo... ngo... ngo...

Ndani ya hedifoni. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani. Jina likatokea tena. Nikakataa tena.

Simu ikaita. Mama, ananong'ona.

"Mwanangu... kuna mtu anapiga hodi hapa. Sauti ni ya mdogo wako."

"Usifungue, mama!"

"Anasema kaka amemkatalia. Mara mbili... Nimfungulie tu."

Nikasikia komeo likivutwa.

Nikabonyeza "Karibisha".

Kwa mama, hodi ikakoma. Kwenye kioo, kisanduku cheusi. Profesa akafumbua kinywa aendelee, ikatoka sauti ya mdogo wangu, na kikohozi cha vumbi. Ikaeleza kila shimo, kila chupa. Profesa macho yamemtoka, kajishika koo. Picha yake ilikuwa inakwamakwama. Wenzake wakadhani ni mtandao mbovu. Wakampigia makofi kwa kazi nzuri.

Tangu siku ile profesa hasemi. Madaktari wanasema kiharusi. Mama ana yake: siku ya mazishi alimnong'oneza marehemu aende akadai chake. Chake hajakipata. Utafiti bado una jina la profesa, na hilo linaniuma kuliko hofu.

Kila jioni mama hunipigia.

"Mwanangu, yule uliyemkaribisha... ulimwona akitoka?"

Simjibu. Koo limejaa vumbi, na naogopa itakayotoka si sauti yangu.