Herufi za Kuokoteza

Mama Sindano aliinua kochi upande mmoja, akalisogeza. Akazunguka, akainua upande wa pili. Mumewe alikuwa amekaa karibu na dirisha la karakana yao ya nyumbani, anamwangalia.

"Taratibu, mke wangu. Utakwaruza sakafu."

"Na mgongo wangu je? Huo haukwaruziki?"

Mtaa mzima ulimwita mumewe Fundi Makochi. Yeye alitengeneza fremu na kukata sponji, mkewe alishona vitambaa. Ilikuwa kazi ya watu wawili. Lakini tangu Fundi apate uvimbe kwenye kinena, mmoja alifanya kazi zote, na mwingine alitoa ushauri.

Hospitali walisema ni ngiri. Daktari aliwaeleza polepole.

"Ukuta wa tumbo umelegea, utumbo unapenya. Sasa hivi ukilala, unarudi ndani. Siku ukinasa usirudi, utaumwa sana na kutapika. Hapo ukichelewa unaweza kufa. Usisubiri siku hiyo. Tutakupasua Alhamisi, tarehe kumi na mbili."

Fundi alikubali. Kisha mtu akamtumia video kwenye simu. Ndani yake bwana mmoja mwenye suti alisema kwamba Kitabu Kitakatifu kina siri. Ukiruka herufi kadhaa, ukaokota moja, ukaruka tena, utaona mambo yajayo. Fundi alichukua Kitabu na penseli. Tangu hapo hakushika kazi nyingine.

"Siendi Alhamisi," alisema sasa.

Mama Sindano aliketi juu ya kochi lisilo na sponji. Mbao zilimuumiza, lakini hakuwa na nguvu ya kutafuta pengine.

"Kwa nini?"

"Tarehe ni kumi na mbili. Nimefungua sura ya kumi na mbili. Nimeruka herufi, nimepata neno KUFA. Limekaa pale, mke wangu. Linaningoja."

Mama Sindano hakugombana. Siku nyingine angegombana vizuri tu, maana kipaji alikuwa nacho. Leo alikuwa amechoka mpaka ulimi. Alichukua simu, akampigia mdogo wake, mwalimu wa hesabu.

"Njoo uzungumze na shemeji yako. Mimi nimeishiwa maneno."

"Wewe, dada? Basi hali ni mbaya. Nakuja."

Mwalimu alifika jioni, chaki bado iko kwenye mkono wa blauzi. Alimkuta Fundi ameinama juu ya Kitabu.

"Shemeji, habari za unabii?"

"Usinitanie, shemeji. Hili ni jambo zito."

"Ndiyo maana nimekuja. Nionyeshe."

Fundi alimwonyesha. Mwalimu alitazama kwa makini, hakucheka. Kisha akasimama, akaenda kwenye mashine ya kukatia sponji. Ubavuni ilikuwa na karatasi ya maelekezo. Akaisoma kwa sauti: "Kisu kifikapo mwisho, zima mashine."

"Hiyo naijua," alisema Fundi. "Nimeisoma kila siku."

"Hujaisoma kiunabii. Anza na herufi ya kwanza. Ruka mbili, okota inayofuata. Ruka mbili tena. Endelea."

Fundi alisogea. Aliweka kidole kwenye karatasi. "K," alisema. Akaruka. "U." Akaruka tena. "F." Akaondoa kidole.

"Malizia, shemeji."

"A."

"KUFA! Umefanya kazi na kifo ubavuni miaka yote hii, na bado unatudai chai. Aliyeandika haya maelekezo alikuwa nabii?"

"Alikuwa anauza mashine," Fundi alikiri.

"Basi. Neno fupi lina herufi chache. Kitabu kirefu kina herufi nyingi mno. Ukijiruhusu kuruka unavyotaka, karibu kila neno fupi utalipata. Halikufichwa na mtu. Linajitokeza tu."

Fundi alitikisa kichwa. "Mashine ni mashine. Kitabu Kitakatifu ni kitu kingine."

"Nakubali, tena nakiheshimu. Basi tukae humohumo. Sura ileile ya kumi na mbili. Nitafutie PONA."

Fundi alikaa. Alijaribu kuruka mbili, ikagoma. Akajaribu tatu, nne. Mama Sindano alimtazama, akakumbuka kitu.

"Hata ile KUFA ulihangaika hivyohivyo," alisema. "Asubuhi uliruka saba. Mchana ukaruka tisa. Mimi nashona, wewe unabadilisha."

Fundi aliendelea kuhesabu. Ghafla kidole chake kikasimama.

"Nimeipata," alisema polepole. "PONA. Lakini nimesoma kwa kurudi nyuma. Hiyo si haki."

"Na KUFA uliipataje?" aliuliza Mwalimu.

Fundi alijikuna shingo. "Kwa kurudi nyuma."

Hata Mama Sindano alicheka, ingawa mbavu zilimuuma.

"Sasa ukurasa uleule unasema ufe na unasema upone," Mwalimu aliendelea. "Shemeji, wewe ndiye unayechagua. Ulianza na neno kichwani, ukalitafuta mpaka likaja. Na kumbuka, hiki unachosoma ni tafsiri. Tafsiri nyingine ina maneno mengine. Ukihesabu herufi za kule, siri yako inapotea. Kitabu kimeandikwa kisomwe sentensi kwa sentensi, kituongoze na kutufariji. Ukikikata vipande, unasikia sauti yako mwenyewe."

Fundi alifunga Kitabu.

"Naogopa kisu," alisema. "Naogopa kulala nisiamke."

Mama Sindano alivuta pumzi ndefu. "Ungesema hivyo tangu mwanzo, baba. Hofu tungeibeba wote wawili. Mimi nabeba makochi peke yangu, nitashindwa kubeba hofu?"

"Kesho nenda umuulize daktari," alisema Mwalimu. "Hilo ni swali lake."

Walikwenda. Daktari hakumcheka.

"Hatari ipo, lakini ni ndogo," alisema. "Kukaa na hiyo ngiri kuna hatari zaidi. Na kwako tutatia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Hutalala usingizi. Ukitaka, tutapiga soga."

Alhamisi Fundi aliingia chumba cha upasuaji. Alisali kwanza, maneno mazima, bila kuruka. Mama Sindano alikaa kwenye benchi la nje. Hakuweza hata kuhofu sawasawa. Kichwa kilikuwa kinadondoka, anakiinua, kinadondoka.

Mlango ulifunguliwa. Muuguzi alitabasamu. "Mgonjwa wako ni mzima. Anauliza nani anamwangalizia mashine."

Fundi alirudi nyumbani. Kwa wiki kadhaa hakuinua kitu kizito, kama alivyoagizwa. Alikata sponji amekaa, akaajiri kijana wa kubeba. Jeraha likafunga, uvimbe haukurudi.

Mchana mmoja mteja alisimama mlangoni, akapaza sauti: "Hodi! Kochi langu tayari?"

Fundi alitoka haraka, kidole mdomoni. Nyuma yake, juu ya kochi hilohilo la mteja, Mama Sindano alikuwa amelala fofofo.

"Liko tayari," Fundi alinong'ona. "Ila njoo kesho. Leo lina mtu."