Vipini Sita kwenye Kadi ya Polikarp

Vipini sita vya jeneza, msalaba mmoja wa bati, mita nne za kitambaa cheupe na kilo moja ya misumari. Vyote vilikuwa vimechukuliwa dukani siku ya Ijumaa, na hapakuwa na mtu aliyekufa.

Ndivyo kesi ilivyofika mezani kwa Inspekta Joachim Gama, Jumatatu asubuhi, mwaka ule wa mvua za El Niño, chai yake ikiwa bado haijaguswa. Mbele yake alisimama Polikarp Mbawala, fundi seremala wa Bombambili, mtu mzima mwenye mabega ya kubeba mbao, akitetemeka kama amenyeshewa. Kweli alikuwa amenyeshewa, lakini si mvua iliyomtetemesha.

"Anayetaka kuzikwa ni nani?" Inspekta aliuliza.

"Ni mimi, afande."

"Wewe?"

"Kadi ni yangu. Picha iliyobandikwa ni yangu. Vitu vya jeneza vimeandikwa kwangu, nami sikuvichukua. Mtu ananiandalia safari, afande."

Inspekta aliipokea kadi. Ilikuwa ya rangi ya samawati, yenye mhuri wa duka la jumla la Tadei Luambano. Tadei alikuwa amenunua ghala lililokaa tupu miaka mingi, na biashara binafsi ziliporuhusiwa akalijaza bati, kufuli, vanishi na bawaba kutoka Dar es Salaam. Mafundi aliowaamini aliwapa kadi. Fundi anachukua vifaa leo, analipa mwisho wa mwezi. Kila kinachochukuliwa kinaandikwa kwenye kadi mbili, moja ya fundi na pacha yake inayobaki dukani, kisha zote zinagongwa mhuri.

Na kadi hii ya Polikarp ilikuwa na mhuri wa Ijumaa.

"Maana yake ilifika dukani," Inspekta alisema.

"Haikufika! Nimegundua leo nilipokwenda kuchukua gundi."

"Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Lilambo. Nafunga milango ya nyumba ya mwalimu. Nililala huko huko, njia ilikuwa tope tupu."

"Huwa unatengeneza majeneza?"

"Sitengenezi. Vitanda, milango, makabati. Tangu nimzike baba yangu, jeneza sijaligusa."

"Una adui?"

Polikarp alisita. "Adui hapana."

Inspekta alikuona kule kusita na akakuweka kiporo. Chai alishaiacha.

Dukani, Tadei Luambano hakungoja kuulizwa mara mbili. Mwandiko ulikuwa wa karani wake wa kaunta, Anord, na kijana huyo alikuwa amekataa katakata kusema alimpa nani vifaa vile. Tadei alikuwa amekasirika mpaka masikio.

"Miaka minne simjui kwa wizi. Leo ananiambia, bosi, siwezi kusema. Nimfanyeje? Mchukueni. Na asipoeleza, asirudi hapa."

Anord alipelekwa kituoni. Akapewa onyo la kisheria, akakalishwa kwenye benchi, mikono juu ya magoti.

"Vifaa ulimpa nani?"

"Aliyekuja na kadi."

"Jina."

"Siwezi, afande."

"Ulimwona fundi Polikarp?"

"Hapana."

"Basi ulimpa mtu asiye na haki. Huo ni wizi wa mtumishi, unajua?"

"Najua."

"Alikuhonga kiasi gani?"

Hapo Anord aliinua uso, ameumia. "Sikuhongwa! Fedha alikuwa nayo, amefunga kwenye pindo la..." Akauma midomo. "Nilimwambia alipe taslimu, iwe imekwisha. Akakataa. Akasema lazima iandikwe kwenye kadi ya Polikarp, hasa misumari."

"Hasa misumari?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nimeapa, afande. Nikisema, kuna mtu nitakuwa nimemwitia kifo. Niweke ndani tu."

Inspekta alimweka ndani. Kisha alikaa ofisini akilitazama jalada, kichwa kikimuuma. Alikuwa amekwisha kukamata wezi wa kahawa, wezi wa ng'ombe, hata mwizi wa kengele ya kigango. Lakini mwizi mwenye fedha mkononi, anayekataa kulipa, tena anayeacha bati na saruji zinazouzika popote akachukua vipini vya jeneza, huyo hakuwahi kumwona. Kama ni mchawi, tangu lini mchawi akadai mhuri? Na kama ni utani, nani Songea hii anatania na msalaba wa maziko?

Neno moja tu lilikuwa limemtoka Anord. Pindo. Mwanamume hafungi fedha kwenye pindo.

Alimwita Polikarp tena.

"Kadi unaiweka wapi, fundi?"

"Mfuko wa ndani wa koti la Jumapili. Haitoki humo."

"Ijumaa ulivaa koti?"

"Kazini? Koti la kanisani?"

"Basi koti lilikuwa wapi?"

"Nyumbani. Kwangu paa linavuja mvua hizi, kwa hiyo mke wangu amelihamishia..."

"Wapi?"

"Chumbani kwa mama. Lakini afande, mama yangu ana miaka sabini na zaidi. Anakwenda misa, anarudi, anachambua maharage yake. Usimwingize humu."

"Nyumbani umemwambia nani habari hizi?"

"Hakuna. Nimwambie mama kwamba nimeandaliwa jeneza?"

Walifika Bombambili wakiwa wamelowa magoti. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, karakana ya useremala ikiwa ubavuni. Barazani, Mama Walburga alikuwa na ungo wa maharage mapajani, kanga mbili, rozari shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

Inspekta alikaa. Alingoja aulizwe kilichomleta, kwa sababu katika kila nyumba polisi anamoingia, hilo ndilo swali la kwanza. Bibi aliendelea kuchambua. Hakuuliza kitu.

"Mama," Inspekta alisema kwa sauti ya kawaida, "Anord wa dukani kwa Tadei yuko mahabusu tangu asubuhi. Tunamshitaki kwa wizi. Kazi pia amefukuzwa."

Vidole vya bibi vilisimama.

"Anord yupi? Huyu mwenye mke aliyejifungua juzi?"

"Huyo huyo."

"Ameshakula?"

"Sijui, mama."

Mama Walburga aliweka ungo chini, akainuka taratibu, akaingia chumbani mwake. Inspekta alimfuata mpaka mlangoni. Bibi alipiga magoti akavuta boksi kutoka uvunguni mwa kitanda. Vipini sita vilikuwa humo, vimefungwa kwenye kile kitambaa cheupe, na msalaba wa bati ukiwa juu yake. Misumari ilikuwa kwenye mfuko wa karatasi, haijafunguliwa.

"Mtoeni yule kijana," alisema. "Hakuiba. Nilimwapisha mimi, tena kwa rozari hii. Mwizi ni mimi."

"Mama!" Polikarp aliita kutoka nyuma.

"Kadi uliitoa kwenye koti?" Inspekta aliuliza.

"Niliitoa, nikairudisha."

"Fedha ulikuwa nayo."

"Ya maharage. Hii hapa, haijapungua." Akafungua pindo la kanga.

"Basi kwa nini hukulipa?"

Bibi alimtazama mwanawe, akamjibu yeye badala ya Inspekta.

"Fransisko anaumwa."

Polikarp alirudi nyuma hatua moja. Uso wake ulifungika kama mlango.

Inspekta alitazama huku na huku. "Fransisko ni nani?"

"Mdogo wake. Mtoto wangu wa mwisho. Baba yao alipofariki aliwaachia mashine ya randa, wafanye kazi pamoja. Fransisko akaiuza kwa siri, akakimbilia Tunduru kuchimba vito. Vito hakupata. Amekaa Nakapanya, anauza sigara na chumvi kando ya barabara. Na huyu," akamnyooshea Polikarp kidole, "alisimama hapo barazani, majirani wanasikia, akasema: akifa Fransisko, hata msumari wangu mmoja asiupate."

"Nilisema kwa hasira," Polikarp alisema kwa sauti ndogo.

"Ulisema. Hukuwahi kulifuta. Alhamisi Mussa, yule dereva wa lori, kaniletea habari. Amekonda, hainuki tena. Nikawaza, mwanangu akizikwa na neno lile juu yake, kule hatapumzika, na wewe huku hutapata usingizi mpaka unakufa. Fedha yangu ingenunua misumari yangu. Mimi nilitaka yako. Nimpeleke ardhini na misumari ya kaka yake, ajue asijue. Halafu ningerudi nikuambie: Polikarp, ulimzika ndugu yako, neno lako limekwisha."

Mvua iliongezeka juu ya bati. Inspekta alivua kofia yake.

"Pole sana, mama. Alifariki lini?"

"Hajafa."

"Hajafa?"

"Mussa alimwacha hai. Nangoja barabara ipitike." Sauti yake ilivunjika sasa. "Mzazi gani anamnunulia mtoto jeneza angali anapumua? Ndiyo maana nilimwapisha Anord, kulisema ni kumwitia mwanangu kifo. Nimeona aibu, baba. Nimeogopa hata kulitazama boksi hili."

Inspekta aliirudisha kofia kichwani. Polikarp alikuwa amechuchumaa mbele ya boksi. Aliugeuza msalaba, akaupima uzito mkononi, akaubonyeza kwa dole gumba mpaka ukapinda.

"Bati," alisema. "Umemchagulia ndugu yangu msalaba wa bati. Nyumba hii ina mbao za mninga mpaka za kuwashia moto, Fransisko aende na bati!" Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na yule mtu mzima akalia kwa sauti, mama yake akamshika kichwa.

Inspekta aliwaacha kwa muda. Alitoka barazani, akaokota punje chache za maharage zilizomwagika, akazirudisha kwenye ungo.

Polikarp alipotoka, Inspekta alimuuliza kwa taratibu zote za kazi: "Mlalamikaji, unaendelea na shitaka?"

"Barabara ya Tunduru inapitika?" Polikarp aliuliza.

"Leo malori mawili yamepita, nimesikia."

"Basi sina shitaka. Twende tukamtoe Anord."

Anord alitolewa mahabusu kabla ya jioni, akiwa na njaa. Inspekta mwenyewe alimsindikiza dukani na kumweleza Tadei yaliyotokea. Tadei alikohoa, akatazama pembeni, kisha akamwambia karani wake arudi kwenye kaunta, wateja wanangoja.

Polikarp aliingia nyuma yao na boksi kichwani. Alilitua. Akapanga vipini sita kimoja kimoja, akalaza kitambaa, na msalaba uliopinda akauweka mwisho.

"Vifute hivi. Msalaba nimeuharibu, nitaulipia. Nipe bolti za kitanda na vanishi. Mussa anaondoka alfajiri, nakwenda naye Nakapanya kumchukua. Akifika hapa atahitaji pa kulala."

"Akifika," Tadei alisema polepole.

"Ndiyo. Akifika."

Anord alifuta, akaandika, akagonga mhuri kwenye kadi zote mbili. Kisha kalamu yake ikasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Na misumari, fundi? Hujairudisha. Niifute nayo?"

Polikarp alikuwa ameshika mfuko wa karatasi kifuani, ndani ya koti la Jumapili, usilowe.

"Iache kwenye kadi yangu," alisema. "Hiyo ni ya Fransisko."